Karani wa Kuazimwa

Sehemu ya Tisa

Kofia ngumu ilipomtoka Karani kichwani, watu wote pale kwenye magogo wakanyamaza.

Hapo ndipo nilipowakatia juma lililopita, na najua mlivyonisema. Haya, twende.

Mwanamke aliyeivua kofia ile aliishika kwa mikono miwili kama vile kichwa bado kimo ndani. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kazi yake ilikuwa kuchoma matofali, ndiyo maana wakamwita Mama Tanuri, na kizuizi kile kilikuwa chake: magogo matatu, matairi yanayofuka moshi, na watu kama themanini wenye mawe mikononi.

"Ndiye," alisema. "Hata akivaa sufuria nitamjua. Ndiye huyu!"

"Ndiye nani?" aliuliza Fundi, mguu mmoja chini, pikipiki bado inaunguruma.

"Zima hicho chombo, dada. Leo utajua umembeba nani."

Kwa msomaji anayeingia leo: Fundi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, anatengeneza pikipiki kwenye kibanda cha mabati, na ile aliyokuwa ameikalia aliiunga mwenyewe kutoka mizoga ya pikipiki tatu. Nyuma yake alikaa mtu aliyekuwa mumewe mpaka miaka mitatu iliyopita, karani wa ofisi ya ardhi. Walikuwa wanakwenda kumchukua binti yao wa miaka kumi na minne, ambaye kwa jinsi asivyojua kunyamaza walimpachika jina la Chiriku. Barabara zilikuwa zimefungwa na wananchi kwa siku ya sita. Alfajiri ile redio ilitangaza kwamba jeshi linachukua mabweni ya shule yake saa kumi jioni, na mtoto yeyote ambaye hajafuatwa atapandishwa lori apelekwe mahali salama. Mahali penyewe hapakutajwa.

Na kwa nini mwanamke mwenye pikipiki yake ahangaike na mwanamume aliyekwisha kuachana naye? Kwa sababu ya fomu. Karani ndiye aliyempeleka mtoto shule ile, bila kumwambia mama mtu, na kwenye fomu, pale penye jina la mama, akapiga mstari. Mstari mmoja mnyoofu, kwa rula. Na shule haimtoi mtoto ila kwa mzazi aliyeandikwa.

Ndiyo maana Fundi alikuwa amembeba tangu alfajiri, kama mtu anavyobeba gunia la misumari.

Alizima injini.

"Ni nani wako huyu?" Mama Tanuri aliuliza.

"Baba wa mtoto wangu."

"Mumeo?"

"Alikuwa. Nilishapona."

Watu wawili watatu walicheka. Mama Tanuri hakucheka. Alitia mkono kifuani, akatoa barua iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaikunjua taratibu, akamwekea Karani mbele ya miwani.

"Soma. Kwa sauti. Nyie wa ofisini si mnapenda kusoma?"

Karani alisoma, sauti nyembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano. Barua ilimtaka mwenye nyumba ahame ndani ya siku kumi na nne ili barabara mpya ipite.

"Ya tarehe ngapi?"

"Tarehe mbili."

"Na mimi niliipokea lini?"

Karani alisukuma miwani juu ya pua.

"Nakuuliza wewe! Si ulikuja mwenyewe na tai yako ukanipa mkononi?"

"Tarehe kumi na tano," alisema Karani. "Jioni."

"Na tingatinga?"

"Tarehe kumi na sita."

"Saa moja asubuhi!" Mama Tanuri aligeukia watu wake, kisha akamrudia. "Mama yangu alikuwa hatembei. Tuling'oa mlango tukamlaza juu yake, tukamtoa hivyo, ukuta unaanguka nyuma yetu. Siku ya nne akatufia chini ya turubai. Sasa nataka kujua jambo moja tu. Hii saini ni ya nani?"

Fundi aligeuka akaitazama ile karatasi. Miaka kumi na miwili aliishi na saini ile. Aliiona kwenye cheti cha ndoa, aliiona kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, akaiona mwisho kwenye talaka, na mkia wake umejikunja vilevile kama wa nge.

"Sema si yako," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ni yangu."

"Siku kumi na nne za watu ulizila wewe?"

"Mkurugenzi ndiye aliyenipa tarehe. Aliniambia andika tarehe mbili. Mimi nilikuwa naandika tu."

"Unaandika tu! Hata mimi uliniandika tu!"

Akashuka, akaegesha, akavua glovu, akamchapa nayo kifuani. Haikuumiza, lakini ililia paa, na umati ukapata ruhusa uliyokuwa unaingoja.

"Mfungeni kwenye gogo!"

"Akae hapo mpaka mkurugenzi wake aje amkomboe!"

"Na pikipiki itiwe moto!"

Mtu mmoja mwenye kifua wazi alikwisha kushika usukani. Fundi alimfikia kabla hajaisogeza.

"Toa mkono. Hii haikusaini barua ya mtu."

Mkono ukatoka.

"Mama Tanuri, tusemezane kama wazazi," Fundi alisema. "Mkimfunga nitawashikia kamba. Mafundo nayajua mimi. Lakini mwanangu yuko shuleni na jeshi linaingia saa kumi. Sasa hivi ni saa saba. Bila huyu mtu sitampata. Nifanyeje?"

"Na mimi nilifanyeje?" Mama Tanuri alimjibu. "Mama yangu alipewa mpaka saa kumi?"



Wakati huo yule kifua wazi, ambaye alitafuta kazi nyingine baada ya kukosa pikipiki, aliupindua mkoba wa Karani. Shati likaanguka. Mswaki ukaanguka. Kikaanguka kibweta cha wino wa zambarau, na juu yake mhuri wenye mpini wa mbao.

"Jamani! Mhuri wa serikali! Anakuja kutugongea nyingine!"

Mawe yakainuliwa.

"Nimeuchukua!" Karani alipiga kelele, mikono juu ya kichwa. "Juzi! Kuna barua mia mbili na kumi ziko mezani, tarehe zimeshawekwa! Bila mhuri haziwezi kutoka!"

Fundi alimkodolea macho. Mtu huyu alikuwa havuki barabara penye kibao cha kukataza, hata barabara ikiwa tupu.

"Uliiba mhuri?"

"Niliuchukua."

"Ili uwaokoe watu, au ili upate cha kujikingia wewe?"

Karani aliutazama mhuri pale chini. "Sijui," alisema.

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilolisikia kwake kwa miaka mingi, nalo likamkasirisha kuliko uongo wote.

Mama Tanuri hakungoja maelezo. Aliuokota mhuri, akautupa katikati ya tairi linalowaka. Mpira ulilia, ukatoa moshi wenye harufu ya ofisi. Karani aliguna kana kwamba ameungua yeye.

"Sasa piga magoti uandike," Mama Tanuri alisema. "Tarehe ya kweli. Nani alikuagiza, siku gani, mbele ya nani. Halafu weka huo mkia wako."

"Nikiandika hayo nitafungwa jela."

"Na usipoandika?"

Karani aliwatazama wale themanini. Akapiga magoti. Akachaniwa karatasi ya daftari, akaandikia juu ya kiti cha pikipiki, na kwa mara ya kwanza siku ile mkono wake haukutetemeka. Kuandika alikujua.

Mama Tanuri aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akaikunja na ile barua pamoja.

"Kitambulisho."

Akapewa.

"Hiki ni rehani. Sikiliza, dada. Wewe nakuachia kwa sababu ya mtoto. Huyu sikuachii. Huyu nakuazima. Ukishampata binti yako mtapita hapa hapa, umrudishe, asimame mbele ya watu aseme alichokiandika. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Narudishwaje kama bakuli la jirani?" Karani alilalamika.

"Nyamaza!" wale wanawake wawili walimwambia kwa pamoja.

Magogo yakasogezwa.

* * *

Fundi aliendesha kama mtu anayegombana na barabara. Karani alishika chuma cha nyuma. Kiuno hakukigusa, kiuno kilikwenda na talaka.

Barabara kuu haikupitika. Nguzo za simu zilikuwa zimelazwa, na mbele yake basi lililoungua limekaa kwa rimu. Fundi akakata kulia, akaingia kwenye machimbo ya udongo, akashuka shimo la kwanza, akapanda, akashuka la pili. Kwenye la tatu kitu kikakwaruza chini kwa sauti ya kicheko kibaya, na pikipiki ikasimama.

Mnyororo ulikuwa umechomoka na kujikaba kwenye gia ya nyuma.

"Saa ngapi?" Fundi aliuliza, spana tayari mkononi.

"Saa nane kasorobo."

"Shuka. Shika gurudumu."

"Nimeshika."

"Umeshika matope. Shika gurudumu!"

Karani alishika. Grisi ilimpanda mpaka viwikoni. Fundi alilegeza nati, akauvuta mnyororo, ukakataa, akautukana kwa majina ambayo gazeti hili haliruhusu.

"Mama Chiriku," Karani alisema.

"Usiniite."

"Kuna jambo jingine."

Spana ikasimama hewani.

"Wanajeshi nao wananitafuta. Mkurugenzi ametangaza kwamba nimeiba mhuri. Nilisikia redioni asubuhi, ulipokuwa unajaza mafuta."

"Asubuhi! Na umekaa nyuma yangu saa nane nzima kimya kama mzigo wa kuni?"

"Ningekuambia ungeniacha."

"Ningekuacha! Ningekuacha ningali na akili zangu!" Fundi aliipiga ardhi kwa spana mara tatu, kwa kuwa ardhi ndiyo pekee isiyoweza kumjibu. "Nyuma wanakutaka, mbele wanakutaka. Maisha yako yote hujawahi kutakiwa hivi!"

"Naweza kushuka hapa. Uende peke yako."

"Wakanipe mtoto kwa jina la nani? La mstari?"

Karani aliinamisha kichwa akaendelea kushika gurudumu.

"Kwa nini ulipiga ule mstari?" Fundi aliuliza, macho kwenye mnyororo.

"Siku ile nilikuwa na hasira na wewe."

"Hasira ya dakika ngapi?"

"Ya dakika tano."

"Mimi nimeila miaka mitatu."

Mnyororo ukaingia. Fundi akakaza nati kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Kisha akanyoosha mkono akamvua Karani miwani, akaitia mfukoni mwa ovaroli.

"Bila hiyo sioni."

"Hukuwahi kuona hata ukiwa nayo. Panda."

* * *

Wanajeshi walikuwa kwenye njia panda, nyuma ya viroba vya mchanga, na utepe wa misumari umelazwa barabarani. Afande mmoja mwenye mvi kwenye ndevu aliinua kiganja. Karani, ambaye hakuona zaidi ya pua yake, akalipigia saluti rundo la viroba.

"Huyu vipi?" Afande aliuliza.

"Ni hivyo hivyo alivyo," alisema Fundi.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumchukua mtoto shule."

"Kitambulisho."

Fundi akatoa chake. Afande akamgeukia Karani, kiganja wazi.

"Sina," alisema Karani.

Bunduki mbili zilisogea kidogo tu, lakini zilisogea.

"Tunamtafuta karani wa ardhi," alisema Afande, akisoma karatasi. "Mrefu. Anavaa miwani. Ametoroka na mhuri. Ameachana na mkewe, anaishi peke yake. Wewe, bwana, hebu simama wima." Akamtazama juu mpaka chini. "Mrefu. Mama, huyu ni nani wako?"

Neno lile lilikuwa geni mdomoni mwa Fundi. Miaka mitatu hakulitamka. Akalisukuma.

"Mume wangu."

"Mumeo anatembeaje siku kama hizi bila kitambulisho?"

Fundi alitaka kubuni uongo mzuri. Wallah, alitaka. Lakini alipofungua mdomo kilichotoka hakikuwa uongo.

"Muulize! Muulize yeye, afande, mimi nimechoka kumuulizia! Kitambulisho amekiacha kwa watu, kama anavyoacha kila kitu. Mtu hana la kwake analolisimamia! Akiambiwa andika, anaandika. Akiambiwa kaa, anakaa. Mtoto wa kumzaa mimi, uchungu siku mbili, amempeleka shule ya mbali bila kuniambia, nikaja kuambiwa na muuza mkaa! Muuza mkaa, afande! Nimekwenda kwenye fomu kutafuta jina langu, nakuta mstari! Kwa rula! Mtu alikaa akatafuta rula!"

"Mama, taratibu..."

"Taratibu nimeshakwenda! Nimekwenda taratibu miaka kumi na miwili! Na leo nimembeba tangu alfajiri, nimepita moto, nimepita mawe, mnyororo umechomoka, naye anashika matope anasema ameshika gurudumu! Kama mnamtaka mchukueni! Mchukueni, lakini mnipe kwanza mtoto wangu, halafu mtamjua huyu ni mtu wa namna gani, mtamrudisha wenyewe kwa miguu!"

Afande alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. Mmoja wa askari aliangalia buti zake.

"Onyesha mikono," Afande alimwambia Karani.

Karani akainyoosha. Ilikuwa myeusi ti kwa grisi, kucha hazionekani.

"Hii si mikono ya karani," alisema askari mwingine.

"Na huyu si mwanamke aliyeachika," alisema Afande. "Aliyeachika huwa amechoka. Huyu bado anapigana." Akavuta utepe wa misumari mwenyewe. "Piteni. Na wewe, bwana, kamtafutie mkeo sehemu ya kuandikwa."

Waliosema hasira ni hasara hawakuwahi kupita kizuizi cha jeshi.

Wakaiacha njia panda nyuma.

"Yale uliyoyasema pale," Karani aliuliza nyuma ya mgongo wa Fundi, "ulikuwa unaigiza?"

"Hapana."

"Nilidhani hivyo," alisema.

* * *

Saa tisa na dakika arobaini pikipiki iliingia lango la shule, na lango lilikuwa wazi bila mlinzi.

Matroni alikaa kwenye ngazi ya ofisi na rejista mapajani, viatu kavua. Fundi aliteremka kabla pikipiki haijasimama sawasawa, akamvuta Karani kwa mkono, akampachika miwani puani.

"Baba yake huyu hapa," alisema, akihema. "Aliyeandikwa kwenye fomu. Mpe asaini, mtupe mtoto."

"Fomu?" Matroni alimtazama kama mtu anayeulizwa habari za mwaka jana. "Fomu gani, mama? Tangu jana natoa watoto kwa yeyote anayefika. Jirani, shangazi, muuza duka. Mmoja kachukuliwa na kinyozi wa baba yake."

Fundi aliuachia mkono wa Karani.

Kwa hiyo angeweza kuja peke yake. Asingesimama kwenye magogo, asingetoa ahadi, asingelitamka lile neno mbele ya bunduki. Alimgeukia Karani polepole, na Karani akajikinga uso kwa mkoba.

"Sikujua," alisema. "Haki ya Mungu sikujua!"

"Mtagombana baadaye," alisema Matroni. "Ninyi si wazazi wa yule Chiriku? Afadhali mmekuja. Mwambieni binti yenu afungue mlango."

"Mlango gani?"

Matroni akanyoosha kidole kwenye bweni la mwisho. Madirishani magodoro yalikuwa yamesimamishwa. Mlangoni, kupitia kioo kilichovunjika juu, ilionekana miguu ya vitanda vya chuma, kimoja juu ya kingine mpaka darini.

Fundi alikimbia.

"Chiriku! Ni mimi! Fungua twende!"

Godoro moja likasogea. Uso ukatokea kwenye upenyo, umechafuka, nywele timutimu. Fundi aliuona akataka kulia na kupiga kwa wakati mmoja.

"Shikamoo, Mama."

"Usinipe shikamoo, nipe mguu! Toka! Zimebaki dakika ishirini!"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Tuko thelathini na saba humu, Mama. Wengine kwao barabara zimefungwa kabisa. Wengine hata simu haziingii. Saa kumi wanataka kutupandisha malori, na kila tukiuliza tunapelekwa wapi, wanatuambia mahali salama." Sauti yake ilikuwa kavu, si ya mtoto aliyemwacha likizo. "Pikipiki yako inabeba wangapi?"

Fundi alishika nondo za dirisha.

"Mimi sikuwazaa hao wengine."

"Najua. Ndiyo maana sikukuomba uwabebe. Nimekuomba uniache."

"Baba yako yuko hapa," Fundi alisema, na akajichukia kwa kulitumia.

"Namwona. Shikamoo, Baba. Mwenzangu mmoja humu nyumba yao ilibomolewa. Barua yao ina saini yako. Nilimwambia nitakuuliza ukija."

Karani aliegemea ukuta.

Ndipo waliposikia malori.

Yalikuwa matatu, yanapanda kilima kwa gia ndogo. Jeshi lilikuwa limewahi. Matroni alivaa viatu vyake, kisha akavivua tena, akabaki amevishika.

Fundi hakuwaza. Baadaye alisema hivyo, nami nimemwamini. Alirudi kwenye pikipiki mbio, akaisukuma mpaka langoni, akailaza kiubavu katikati ya nguzo mbili, akachomoa plagi ingali ya moto ikamchoma vidole, akaitupa juu ya paa la ofisi. Kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

Lori la kwanza lilifunga breki hatua nne kutoka kwake. Luteni kijana, suruali imepigwa pasi, akaruka chini.

"Ondoa hiyo takataka."

"Imeharibika."

"Itengeneze."

"Mafundi wamegoma."

"Mama, nina amri."

"Na mimi nina mtoto. Peleka amri yako kwenye jengo lisilo na watu!"

Nyuma yake alisikia mtu anakuja. Alikuwa Karani. Alipita bila kumtazama, akakalia ubavu wa pikipiki iliyolala, mahali pabaya, juu ya bomba la moshi lenye moto, akaruka, akasimama tena palepale. Hakuambiwa na mtu aende pale.

Luteni alitazama saa yake. "Dereva," alisema bila kugeuka. "Pita juu yake."

Injini ikanguruma. Bampa likasogea. Fundi alitanua miguu, akahisi joto la rejeta usoni.

Ghafla nyuma yake chuma kikaanza kulia juu ya saruji. Kilio kirefu, kisha kingine, kisha vingi. Aligeuza kichwa. Mlango wa bweni ulikuwa wazi. Wasichana walikuwa wanatoka wanne wanne, wakivuta vitanda, wakija langoni.

"Rudini ndani!" Fundi alipiga kelele. "Chiriku! Rudi ndani nasema!"

"Wewe umerudi?" Chiriku alimjibu, akihema, na kitanda cha kwanza kikagonga pikipiki.

Bampa lilikuwa urefu wa mkono mmoja kutoka kifuani mwa Fundi injini ilipozimika.

Haikuwa imekufa yenyewe. Fundi alijua sauti ya injini inayokufa, na alijua ya injini iliyozimwa kwa ufunguo.

Mlango wa lori ukafunguka. Dereva alishuka, mwanajeshi mwembamba wa makamo, kofia mkononi. Hakumtazama Luteni, wala Fundi. Alitazama vitanda.

"Afande," alisema. "Yule wa kitanda cha tatu ni mwanangu."

"Rudi kwenye lori."

"Siku tatu nimekuomba ruhusa nije nimchukue. Siku tatu umeninyima. Leo unaniambia nipite juu yake?"

"Hii ni amri ya mwisho. Rudi kwenye lori!"

Dereva aliutazama ufunguo kiganjani mwake. Kisha akaurusha, ukaangukia miguuni pa Fundi. Kule nyuma, dereva wa lori la pili naye akazima. Msichana wa kitanda cha tatu akaita, "Baba!"

Luteni akafungua kifuko cha bastola.